Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Mezani petu tulikuwa sita, na aliyeiona sentensi ile kwanza ni Shangazi Nukta. Jina hilo alipewa na walimu wenzake kwa sababu mtahiniwa akisahau nukta, hata iwe moja, hapiti salama mkononi mwake. Ilikuwa siku ya nne ya kusahihisha mtihani wa fasihi, asubuhi, katika ukumbi wa chuo kilichofungwa kwa likizo. Simu zetu tuliziacha langoni kwa mlinzi, kila moja ndani ya bahasha yenye jina. Mbele ya kila mmoja wetu palikuwa na rundo la vijitabu vya majibu, mwongozo wa kusahihishia, na nakala ya riwaya teule iliyochoka kwa kufunguliwa.

"Hebu acheni kalamu kidogo," Shangazi Nukta alisema. "Mjane wetu wa kitabuni leo kapata ulimi."

Akasoma kwa sauti ya kuigiza, kidole hewani: "'Nyumba hii nimeifagia miaka saba, leo nawaachia vumbi lake.' Ukurasa wa mia na kumi na mbili."

Meza ikacheka.

"Kawapasha hao mashemeji!" alisema mwalimu aliyekaa kushoto kwangu, kijana mnene mpenda utani ambaye tulimwita Kifutio. "Hiyo ningeibandika mlangoni mama mkwe aisome."

"Ibandike tu, ila usiseme imetoka humu." Shangazi Nukta alikuwa ameshaifunua riwaya. "Ukurasa wa mia na kumi na mbili mjane hafungui kinywa. Mashemeji wanamfukuza, yeye anaondoka. Sura nzima hana neno hata la salamu. Mtoto huyu katunga."

Akapiga mstari mwekundu, akachukua kijitabu kingine. Dakika tano baadaye akasema, "Ah!" Kifutio naye akasema, "Hata mimi ninayo hapa. Neno kwa neno. Vumbi na yote."

Mimi niliinama nikasahihisha jibu moja mara mbili, kwa sababu sentensi ile ilikuwa yangu.

Nilipoanza kazi, miaka miwili kabla ya asubuhi ile, shule yetu ilikuwa na nakala moja ya riwaya hiyo, nayo ilikuwa imechanwa kurasa kumi na sita, kuanzia ya mia na tano. Nani alizichana na kuzifanyia nini, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilikuwa nimeisoma chuoni. Nilikumbuka kwamba mjane anafukuzwa, na kwamba anaondoka kichwa juu. Wasichana arobaini walikuwa wananitazama, na nilikuwa nimetoka kuwaambia, kwa sauti ya mtu ambaye wino wa diploma yake haujakauka, kwamba katika fasihi hoja isiyo na nukuu ni umbea. "Ukisema mjane ni jasiri, nionyeshe wapi. Maneno yenyewe, ndani ya alama za mtajo, na ukurasa."

Mmoja akanyoosha mkono. "Wapi, mwalimu?"

Nikageukia ubao nikaandika. Sentensi ilikuja yenyewe, imenyooka kama uzi uliotiwa nta. Nilidhani nimeikumbuka. Ukurasa niliukadiria.

Muhula uliofuata shule ikaletewa nakala nzima. Niliifungua pale pale, nimesimama, na mjane alikuwa kimya. Nikaitafuta sentensi yangu katika sura yote, kisha katika kitabu chote, mpaka nikaelewa kwamba hakuna aliyeiandika ila mimi. Na nitasema kweli: kabla ya kuona aibu niliona fahari. Ilikuwa sentensi nzuri. Nilimwona mwandishi kama mtu aliyesahau kitu nami nikamkumbusha. Darasa nililiahidi moyoni kwamba nitalisahihisha wiki ijayo. Lakini wiki ijayo ina miguu mirefu, sikuwahi kuifikia.

Kufikia saa ya chai, vijitabu vyenye sentensi ile vilikuwa thelathini na nane.

Mkuu wa usahihishaji alikuja mezani petu kikombe mkononi. Tulimwita Mizani, maana hakusema neno kabla hajalipima. Alivipanga vijitabu vile safu mbili, akavitazama muda mrefu.

"Watahiniwa thelathini na nane wa kituo kimoja," alisema mwishowe. "Sentensi moja, ukurasa mmoja, kosa moja. Hii haiitwi bahati mbaya. Mtu kawaingizia majibu chumbani, na majibu yenyewe mabovu."

"Wezi wajinga," Kifutio alisema. "Unaiba kuku kumbe umebeba kunguru."

"Kanuni mnaijua," Mizani aliendelea. "Udanganyifu wa kituo, somo linafutwa kwa kituo kizima. Ripoti inaondoka kesho saa sita mchana."

Nilijua maana yake. Fasihi ni sehemu ya somo la lugha, na msichana aliyefutiwa somo hilo hapati cheti, na asiye na cheti haendi popote. Anarudia mwaka, kama nyumbani kwao wana uvumilivu huo. Wengi hawana. Nilizijua nyumba zao.

Ningependa kusema nilisimama hapo hapo. Sikusimama. Nilimfuata Mizani korido, nikatabasamu kama mtu anayetaka tu kusaidia.

"Mzee, huenda lipo toleo jingine. Matoleo hutofautiana."

"Hilo ni wazo," alisema. Akafungua mkoba wake, akatoa nakala mbili, akazifunua zote mbele yangu pale pale ukutani. "Hili la kwanza. Hili la pili. La tatu halipo, nilimuuliza mchapishaji kabla hatujaanza kazi. Wewe umeona jingine, mwalimu?"

"Hapana. Nilikuwa nawaza tu."

"Waza. Kuwaza hakuna kodi."

Aligeuka aende zake. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, nadhani kwa sababu nilikuwa nautazama mgongo wake na si uso.

"Ni mimi," nikasema. "Kituo hicho ni shule yangu. Sentensi hiyo niliwaandikia ubaoni mimi. Niliitunga. Wasichana hawajaiba kitu."

Mizani alirudi hatua mbili. Hakushtuka, hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazama insha.

"Mwaka juzi," alisema, "mwalimu mmoja alisimama hapo hapo uliposimama, akalia machozi, akasema watoto hawana kosa, yeye ndiye aliyewafundisha vibaya. Tukamhurumia. Tukapitisha matokeo. Baadaye ikajulikana mwenye shule alinunua majibu, na mwalimu yule alitumwa kujitwika lawama. Nusura niachishwe kazi. Kwa hiyo nikuulize, mwalimu wa fasihi. Mtahiniwa akikupa hoja bila ushahidi, unamlipa ngapi?"

"Sufuri."

"Sasa hiyo yako ni hoja nzuri. Ushahidi uko wapi?"

Sikuwa nao. Ubao ulishafutwa mara elfu. Maandalio yangu ya masomo niliyaandika upya baada ya nakala nzima kufika, na ya zamani niliyachoma mwenyewe nyuma ya jiko la shule. Kilichobaki, kama kilibaki, kilikuwa katika madaftari ya wasichana.

"Nipe mpaka kesho," nikamwambia.

"Mpaka kesho saa sita. Na mezani usirudi."

Kituo cha kusahihishia kilikuwa upande wa pili wa mji huo huo niliokuwa nikifundisha. Nilichukua simu yangu kwa mlinzi nikaanza kupiga. Msichana wa kwanza alisema daftari lake limetumika kuwashia moto. Wa pili alimwachia mdogo wake achore. Wa tatu akacheka: "Mwalimu, madaftari tuliyararua siku ya mwisho, tukayarusha juu kama maua. Hukuona uwanja ulivyokuwa?" Niliuona. Nilisimama dirishani nikawakaripia kwa kuchafua.

Nikabaki na mmoja ambaye nilijua hawezi kurarua kitu chenye maandishi. Darasani na hata kwao walimwita Kamusi, kwa sababu ukikosea neno alikusahihisha, hata kama wewe ndiye mwalimu. Sikumpigia. Nilikwenda kwao kwa miguu.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Chumba chao cha mbele kilikuwa duka: cherehani mbili, kioo kirefu kilichopasuka kona, vipande vya vitambaa mpaka chini ya kitanda kilichoonekana kupitia pazia. Aliponiona mlangoni alitoa pini mdomoni.

"Makubwa! Mwalimu mwenyewe! Karibu mwanangu, karibu. Usiniambie umekuja kupimwa gauni la harusi, nitalia."

"Bado, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Bado, bado, mpaka lini? Uzi wenyewe unapanda bei." Akaita ndani: "We Kamusi! Mwalimu wako yuko hapa, toka na adabu zako!"

Kamusi alitoka na sindano mkononi. Tangu mtihani alikuwa akimsaidia mama yake kupindia. Nilimwambia nimekuja kuazima daftari la fasihi. Hakuuliza kwa nini. Alipanda juu ya kiti, akalitoa juu ya kabati, limefungwa kwa gazeti, jina lake pembeni kwa herufi zilizonyooka.

Nikafunua mpaka nikafika. Sentensi ilikuwepo, na tarehe, na chini yake zoezi la likizo: *Thibitisha kwa nukuu kwamba mjane ni jasiri.* Alikuwa ameandika aya nzima. Pembeni ilikuwepo alama yangu ya vema, kubwa, nyekundu, na maneno yangu: *Safi sana. Hivi ndivyo tunavyonukuu.*

Huo ulikuwa ushahidi. Ningeweza kulifunga daftari nikaondoka. Lakini chini ya vema ile palikuwa na kitu kingine, kimeandikwa kwa penseli kisha kikafutwa, na ufutio haukutosha. Ukiinamisha daftari mwangani ilisomeka: *Mwalimu, mbona nimetafuta uk. 112 sijaiona?*

"Nilikisoma kitabu chenyewe likizo ile," Kamusi alisema. Alikuwa ananitazama mimi, si daftari. "Nilikiazima maktaba ya mji. Sikuiona. Nikakuuliza hapo. Wewe ukatia vema juu yake, basi nikajua mimi ndiye sijui kusoma. Nikafuta."

Mama yake alisimamisha cherehani.

"Uliliona swali langu, mwalimu?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na madaftari arobaini usiku ule, penseli ni hafifu, macho huchoka. Yote hayo yalikuwa kweli.

"Nililiona," nikasema.

Nikawaeleza, mwanzo mpaka mwisho: kurasa zilizochanwa, ubao, nakala nzima, wiki ijayo, na sasa ripoti itakayoondoka kesho saa sita. Nilieleza nimesimama, maana hakuna aliyenikaribisha tena kukaa.

"Kwa hiyo hasemi kitu," Kamusi alisema. "Mjane."

"Hasemi kitu."

"Nilijua!" Akaipigiza sindano mezani. "Nilijua, mama, nilikwambia au sikukwambia? Nilikwambia huyu mama ametulia tu, na kule kutulia kwake ndiko kunakowauma. Ukaniambia andika alivyosema mwalimu, mwalimu ndiye anayejua." Akanigeukia. "Insha yangu nzima nimeijenga juu ya sentensi yako. Kwamba mjane ana ulimi mkali. Kurasa nne! Na nilikuwa najua si hivyo. Moyoni nilikuwa najua."

"Shusha sauti," mama yake alisema, lakini taratibu, kama mtu ambaye naye angependa kupaza.

"Hata wasipotufutia, insha yangu inaanguka. Si inaanguka, mwalimu?"

"Nukuu itapata sufuri. Na kila kilichoegemea nukuu hiyo, ndiyo, kinaanguka nayo."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Mama yake alichukua daftari mikononi mwangu, akaliinamisha mwangani kama nilivyofanya, akasoma polepole, midomo ikimcheza.

"Mimi kitambaa cha mteja nikikikata vibaya," alisema, "huwa namwita namwambia: dada, nimekiharibu. Sijawahi kumshonea mtu kosa langu nikamwambia ndiyo mtindo mpya." Akanirudishia. "Lipeleke. Ila huyu mtoto halipi ada mbili kwa kosa moja. Unanisikia? Na daftari lirudi."

"Litarudi, mama."

Niliondoka bila kuagwa. Njiani nilipita maduka mawili ya kudurufu. Karatasi yenye vema yangu ingeweza kudurufiwa peke yake; mashine haioni penseli iliyofutwa. Ningempelekea Mizani nakala safi: mwalimu mgeni aliyekosea kwa nia njema. Nilisimama mlangoni pa duka la pili mpaka mwenye duka akaniuliza, "Dada, kurasa ngapi?" Nikamwambia hakuna. Akaniangalia kama aliyepotezewa muda, na ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake saa nne asubuhi nililiweka daftari zima mezani kwa Mizani. Alisoma aya ya Kamusi yote. Alisoma maandishi yangu mekundu, akayalinganisha na sahihi yangu kwenye daftari la mahudhurio ya ukumbi. Kisha akafanya nilichojua atafanya: akaliinua, akaliinamisha kuelekea dirisha.

"Hii nini?"

"Aliniuliza. Nikampita."

"Ulikuwa tayari unajua?"

"Nilikuwa na nakala nzima mezani."

Mizani alivua miwani. Kwa mara ya kwanza nilimwona akisema kabla ya kupima. "Binti, kukosea ningekuombea msamaha. Hili nitakuombeaje?"

Hakuwa ananiuliza.

Alimwita Shangazi Nukta awe shahidi. Akanipa karatasi niandike maelezo. Niliandika. Shangazi Nukta akayasoma akiwa amesimama nyuma ya bega langu, pumzi yake ikinipiga shingoni, akaweka kidole pale nilipoandika kwamba mwanafunzi alikuwa na shaka.

"Shaka gani? Huo ni muhtasari," alisema. "Andika alivyosema yeye."

Nikakata mstari, nikanukuu swali la Kamusi kama lilivyo, na ukurasa wa daftari. Kumi na saba. Alama za mtajo nilizifunga.

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa sita. Somo halifutwi. Vijitabu thelathini na nane vitasahihishwa na meza nyingine. Nukuu ya uongo haina alama, na hoja zilizosimama juu yake pekee hazina alama. Mwalimu mhusika anaondolewa katika usahihishaji, maelezo yake yanapelekwa kwa mwajiri. Daftari linabaki ofisini kama kielelezo.

"Nimeahidi kulirudisha," nikasema.

"Umeahidi kitu kisicho chako," Mizani alisema, akalitia ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi. Mlangoni akanishika mkono, akauachia upesi.

Shangazi Nukta alinisindikiza hadi ngazi. Nilidhani atanipa la kunifariji, maana yeye alikuwa mtu mzima na mimi nilikuwa nakaribia kulia.

"Sentensi yenyewe ilikuwa nzuri," alisema. "Hilo ndilo lililoniudhi. Ukiwa na sentensi kama hizo, andika kitabu chako. Usiwawekee watu wengine mdomoni." Akarudi kwenye rundo lake.

Langoni mlinzi alinipa simu. Nilisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nikapiga. Alipokea Kamusi mwenyewe, cherehani ikinguruma nyuma yake.

Nikamwambia uamuzi wote, na kwamba daftari limebaki ofisini. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya darasani.

"Kwa hiyo nitapata ngapi?"

"Sijui. Hawataniruhusu kujua mpaka yatangazwe."

"Nitafaulu?"

"Sijui, Kamusi."

Cherehani ilinyamaza. Nikasikia mama yake akiuliza, "Anasemaje?" na yeye akijibu, "Subiri."

"Unacho kitabu hapo?" aliniuliza.

Nilikuwa nacho mkobani.

"Nisomee ukurasa huo. Usiongeze kitu."

Nikakifungua. Gari la mizigo lilikuwa linaingia langoni, ikabidi nijibanze ukutani na kuziba sikio moja. Nikasoma polepole, kila neno na nukta yake: "'Mjane alizikunja shuka zake mbili. Aliichukua taa, akaitazama, akairudisha mezani. Kisha akatoka, na mlango akauacha wazi.'"

"Taa," Kamusi alisema. "Taa ilikuwa yake, alikuja nayo kutoka kwao, ipo sura ya pili. Hiyo ndiyo niliyotaka kunukuu."

Akakata simu.